Ngozi Niliyoibeba Hadi Ofisini

Kawetele, mchana, siku moja kabla hujaondoka

Tumpe mwanangu,

Umeteremka Suma kumuaga bibi yako, na hutarudi kabla ya jioni, maana bibi yako hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake bila kumlisha mara mbili. Basi nina saa kadhaa, nina kalamu yako ya bluu uliyoisahau dirishani, na mvua inanyesha kwa hiyo hakuna wa kuja kunisumbua. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo unaniambia nafoka. Sifoki. Nina sauti kubwa tu, na watu wa kuwadharau ni wengi.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala ujihadhari na wanaume wa mjini, wala usali. Shangazi zako wamekuambia hayo yote tangu Jumapili, kila mmoja kana kwamba ameyatunga yeye. Mtu anayekwenda kusomea vijidudu akishindwa kuchemsha maji, huyo atajijua mwenyewe. Mimi nataka tuongee habari ya karatasi.

Fomu ya mkopo iko chini ya kopo la sukari. Najua unajua. Leo ni siku ya tatu unakunywa chai bila sukari, wewe unayependa sukari kama sisimizi, ili usilinyanyue lile kopo ukaona kwamba nafasi ya mdhamini bado iko wazi. Hujaniuliza, na mimi sijasema. Kesho alfajiri lazima uondoke nayo ikiwa imejazwa, au uondoke bila mkopo, na bila mkopo huko chuo kikuu Dar watakukaribisha mlangoni na kukuaga papo hapo mlangoni. Siku hizi kila kitu ni kuchangia gharama, na mimi cha kuchangia kiasi hicho sina.

Jumapili ndiyo iliyonichefua. Baba yako mdogo Ambakisye alisimama hapa uani, suruali ameivuta mpaka kifuani, akasema, "Ndaga fijo, asanteni sana, ndugu zangu! Kyala, Mungu wetu, ametukumbuka. Ukoo wetu umepata daktari!" Vigelegele vikapigwa. Daktari! Unakwenda kusomea shahada ya maabara, kupima damu na makohozi na choo cha watu, kazi ya heshima kuliko nyingi ninazozijua, lakini si udaktari, na Ambakisye ameelezwa hivyo mara nne. Kwake yeye kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata muuza nyama wa pale sokoni.

Kisha wakaanza kuugawa mshahara wako. Ulikuwa unapita na sinia la ndizi unatabasamu, sijui kama ulisikia. Ambakisye alijigawia bati za nyumba. Shangazi yako alimpa mwanawe ada. Kuna mtu mwingine, nadhani yeye alifuata nyama tu, akasema sasa wakati umefika wa kumjengea babu kaburi la saruji lenye vigae. Nikakaa nasikiliza watu wanavyokula ng'ombe ambaye hajazaliwa. Nikauliza, "Na hii fomu, nani anatia sahihi kama mdhamini?" Ungedhani nimeuliza nani kaiba sadaka. Ambakisye alikohoa, akatazama juu kama anaangalia mvua, akasema, "Shemeji, hayo tena ni mambo ya mzazi." Halafu akaomba aongezewe mchuzi.

Sasa nije kwenye mambo yenyewe. Mimi sikusoma sana, lakini nimewaoshea wasomi vioo vyao vya hadubini miaka kumi na tisa, mpaka hospitali ilipopunguza watumishi, na mwosha vioo huona mengi kwa sababu hakuna anayejificha mbele yake. Unavikumbuka vidole vyangu vilivyokuwa vya zambarau kwa ile rangi ya kupimia malaria, hata kanisani nilikuwa navificha ndani ya khanga. Mle maabara walikuwa watu watatu. Mmoja wa cheti, mmoja wa stashahada, na miaka ya mwisho akaletwa Lusajo, wa shahada. Hadubini ilikuwa moja, wakipokezana. Kijidudu cha malaria hakikuwahi kumuuliza mtu kasoma mpaka wapi.

Wa cheti alikuwa na baiskeli. Wa stashahada alikuwa na shamba la viazi na mke mnene. Lusajo, msomi wetu, alikuwa na jozi moja ya viatu, na kila ikifika katikati ya mwezi alikuja kwangu mimi, mwosha vioo, kuniomba nimkopeshe mafuta ya taa nusu lita. Nilimpa, na nilimdharau. Nikirudi nyumbani nilikusimulia, tukacheka mpaka machozi, tukambatiza Bwana Nusu Lita. Niliona mtu aliyesoma kuliko wote halafu anaishi chini kuliko wote ni mlevi au ni mjinga. Sikuwahi kumuuliza.

Wiki mbili zilizopita nilikuambia nakwenda Mbeya kuuza maharage. Maharage nilibeba kweli, debe moja, nisiwe mwongo kabisa. Lakini nilikwenda kumtafuta Lusajo. Sasa ni mkuu wa maabara huko, amenawiri, ana ofisi yenye pazia. Nikamwambia sikuja kusalimiana, nimekuja kuona slipu ya mshahara.

"Mama, slipu yangu hata mke wangu hajaiona."

"Mkeo hajaombwa kutia sahihi. Toa."

Akacheka, akafunga mlango, akaitoa mtotoni mwa meza. Nimeisoma ile karatasi kuliko nilivyowahi kusoma Zaburi. Juu pameandikwa pesa ya kumnenepesha mtu. Katikati yamejipanga makato: kodi, pensheni, mkopo wa chuo, na mkopo mwingine alioukopa ili aweze kuishi na ule wa kwanza. Chini kabisa ndipo pamebaki pesa yake, na si nyingi kama pazia linavyosema. Nikamuuliza habari za mwenzake yule wa stashahada.

"Miaka ya mwanzo alinizidi, mama, tusidanganyane. Alianza kazi mapema, hakuwa na mtu wa kumkata. Mimi mshahara wa kwanza ulichelewa, na mwenye nyumba hasubiri. Ile nusu lita yako ndiyo iliyonifanya nisilale gizani."

"Na sasa?"

"Sasa nimempita. Kiti hiki nimepewa kwa sababu ya shahada. Yeye atastaafu kwenye benchi lile lile."

"Ungerudi nyuma ungefanyaje?"

"Ningeanza na stashahada, nifanye kazi, halafu nitafute mwajiri wa kunisomesha mbele ya safari. Lakini hakuna aliyenikalisha chini, mama. Kwetu walikuwa wanapiga vigelegele."

Nilitoka pale nimeshikwa na aibu ya yale mafuta ya taa. Debe la maharage nilimwachia.

Njiani nikapiga hesabu yangu kwa viazi, maana pesa ya siku hizi ukiihesabu mara mbili imeshashuka thamani. Ukienda kusomea stashahada chuo cha serikali, ada nitaweza kuikwangua kwa majani ya chai na ndizi. Utamaliza mapema, utaanza kuvuna, na kila gunia litakuwa lako. Ukisomea shahada utavuna magunia mengi zaidi, lakini kila mwezi kuna mtu atasimama kwenye tuta na gunia lake tupu, na huyo anajaziwa kwanza. Mwenzako wa stashahada utampita, ndiyo. Lakini utampita ukiwa mtu mzima, na kwa masharti: umalize, upate ajira, usiugue, na Ambakisye asizione bati zake.

Anayekuambia kwamba shahada ni shahada, itajilipa yenyewe, huyo ama ni mpumbavu ama anauza kitu. Kama yule bwana wa chuo kipya uliyeniletea kipeperushi chake mwaka jana, aliyefungua chuo cha afya nyuma ya baa na kuandika ukutani kwamba ajira ni uhakika. Hukujua kwamba nilikwenda. Nikaomba kuona hadubini. Akanionyesha, nikaweka jicho, giza tupu. "Lenzi ziko njiani, mama." Nikamwambia na ada iko njiani, zikikutana zisalimiane.

Basi mtu mwenye akili angekuambia nenda kasome stashahada, akaichana fomu, tukamaliza. Nimelinyanyua lile kopo siku tatu nikiwa na nia hiyo na nimeshindwa. Kila nikipiga hesabu ya mkopo wako nasikia harufu ya ngozi mbichi, na mtu anayepiga hesabu huku amebana pua huwa hapimi sawasawa. Kwa hiyo itabidi nikuambie habari ya ngozi.

Ile ngozi unayoikalia ukichambua maharage ni ya yule ng'ombe wa kisasa, mweusi na mweupe, uliyempa jina Sista kwa sababu ya rangi zake za kitawa. Nilikuambia nimemnunua kwa akiba. Nilikudanganya. Nilimpata kwa mkopo wa chama kimoja kilichokuwa kimefungua ofisi Tukuyu, wakati ule ambapo kila mwenye meza na muhuri alifungua ofisi. Baba yako alikuwa ameshafariki, mshahara wangu haukufika tarehe kumi, nikaona maziwa yatatuokoa. Nikatia sahihi kila mahali waliponyoosha kidole. Sikusoma. Na sikuacha kusoma kwa kutojua kusoma, niliacha kwa sababu nilidhani mambo ya ng'ombe hakuna mtu wa kunifundisha.

Sisi tumekulia kwenye ng'ombe wa kuwekeana. Mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa rafiki yake. Rafiki anafuga, anakunywa maziwa, na ndama wakizaliwa wanajua watakavyowagawana. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, unamchuna, unabeba ngozi na paja moja, unampelekea mwenye ng'ombe. Yeye anaitazama ngozi, anaona hukumuuza wala hukumla kwa siri. Anasema pole. Mnakula lile paja pamoja na neno linakwisha. Babu yako aliletewa ngozi namna hiyo mara mbili, na walioileta walibaki rafiki zake hadi walipomzika. Mimi nikadhani mkopo ni hivyo hivyo, ila wameongeza muhuri.

Sista akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kabla hata hajazaa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi harusi yenyewe sikuiona. Wewe ulilia. Mimi nilikuwa nanoa kisu. Nikamchuna vizuri bila kutoboa hata tundu, nikaipaka ngozi chumvi, nikaikunja, na asubuhi nikaibeba kichwani mpaka Tukuyu, na paja mkononi limefungwa kwa majani ya mgomba. Damu ilikuwa inanichirizika shingoni lakini nilitembea nimenyoosha mgongo, kwa sababu nilikuwa nafanya jambo la haki. Nikaingia nayo ofisini.

Bwana mikopo alikuwa na tai nyekundu. "Mama, hii nini?"

"Ni ng'ombe wenu. Amekufa. Nimeleta ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Mwone kwamba sikumuuza. Na hili paja ni lenu."

Akawaita wenzake wa chumba cha pili waje waone. Walikuja, wakacheka, mmoja akacheka mpaka akaegemea kabati. Bwana mikopo alipomaliza kufuta macho akaniambia taratibu, kama unavyomwambia mtoto, "Mama, ng'ombe alikuwa wako tangu siku ya kwanza. Cha kwetu ni pesa, na pesa haina ngozi. Dawa ya deni ni kulipa. Sasa tafadhali utoe mzigo huu nje, unanuka."

Niliwadharau siku ile na nawadharau mpaka leo, watu ambao hawajawahi kufuga hata kuku, wanacheka msiba wa mwenzao. Ngozi na paja nilirudi navyo. Lakini kwa mujibu wa karatasi walikuwa sawa, na mjinga alikuwa mimi niliyewadharau. Dharau ninayo nyingi, Tumpe, unaijua, na siku ile niligundua kwamba hakuna ofisi inayoipokea kama malipo.

Sasa nakuomba ukae chini ndipo uendelee kusoma.

Mwaka ule ndio uliofaulu kwenda sekondari. Nilikuambia imekuja barua kwamba nafasi zimejaa, usubiri mwaka. Barua haikusema hivyo. Ilisema uripoti, na ada, na sare, na godoro. Ada yako ilikuwa ndani ya soksi ya marehemu baba yako chini ya kitanda changu, niliitunza miaka minne. Niliihesabu mbele ya bwana mikopo, na yeye akaihesabu tena.

Ukakaa nyumbani mwaka mzima. Ulichuma chai na kikapu kilichokuzidi kimo, wenzako wakipita barabarani na sare zao na wewe ukijifanya unatafuta kitu kwenye majani. Mwaka uliofuata ukaenda shule ya kata yenye walimu wachache kuliko madarasa, ukasoma darasa moja na watoto uliokuwa unawabeba mgongoni. Ulipofaulu hata kutokea kule, watu walikuja kunipongeza mimi, kwamba mjane nimejitahidi. Nikapokea pongezi, nikawakaribisha na chai.

Nilikukopa mwaka mzima, mwanangu. Hukujaza fomu, hukuwekewa mdhamini, wala hukuambiwa kwamba umekopesha. Nimekaa naudharau ulimwengu wote, Ambakisye na bwana mikopo na mwenye lenzi njiani, na kati ya wote hao hakuna aliyekuibia isipokuwa mimi. Kila nikikuona umeikalia ile ngozi unachambua maharage na kuimba, nilikuwa natamani uinuke ukae kwenye kigoda.

Kwa hiyo usiichukue hesabu yangu ya viazi kama neno la mwisho. Naiona ni sahihi, Lusajo naye anaiona ni sahihi, lakini sijui kama nilikuwa napima au nilikuwa naogopa. Jana nilipolinyanyua kopo niliigeuza fomu nikaona ukurasa wa nyuma. Umepiga mstari kwa penseli pale panaposema kwamba hata usipomaliza masomo, utalipa. Umepiga mwingine pale panaposema kwamba ukishindwa kulipa, mdhamini ndiye atakayelipa, na pembeni umeandika kwa herufi ndogo, "Mama ajue hili." Niliusoma mstari ule nimesimama. Mimi kwenye karatasi zangu sikupiga mstari popote. Umeona mahali ambapo ng'ombe anaweza kufia, na bado unataka kwenda. Huo si ujinga wangu, ni kitu kingine, na mimi sina haki ya kukuzuilia mwaka mwingine.

Nimetia sahihi. Jina langu lote, na kidole gumba juu yake ingawa hawakukiomba. Linyanyue kopo uitoe, na tafadhali utie sukari kwenye chai, unanitia huzuni.

Ambakisye akikuandikia habari ya bati, mjibu mara moja kwa adabu. Mara ya pili usimjibu, niachie mimi, nimekuwa namtafutia sababu tangu Jumapili. Na mshahara wako wa kwanza ukichelewa, usikope mkopo mwingine wa kuishi na huu. Niambie. Mafuta ya taa bado ninayo.

Barua hii naiacha dirishani ilipokuwa kalamu yako. Ukiisoma nitakuwa bandani nawakatia mbuzi majani, na usinifuate mpaka umalize, maana sijui nitaweka wapi uso. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki hiyo, na kesho nitakusindikiza hata kama hunisemeshi.

Lakini sikia. Mambo yakiharibika huko, ukafeli, ukaugua, ajira ikakosekana, au ukachoka tu, usijifiche Dar miaka kwa aibu ya vigelegele vya watu. Ofisini ngozi haipokelewi, nimeshakuonyesha. Ibebe uje nayo hapa Kawetele mchana kweupe, upite nayo mbele ya Ambakisye na ukoo mzima, damu ikikuchirizika. Nitaitazama, nitakuambia pole, tutakula paja. Sitakuambia uitoe nje.

Mama yako,
mdhamini